Makro ya mistari sita: shajara ya kubadili pointa ndani ya keneli

Siku ya 1

Ripoti ya KASAN (kinasa makosa ya memori ndani ya keneli, kiini cha mfumo endeshi wa Linux) niliyoikuta asubuhi ilikuwa fupi: kipande kile kile cha memori kimeachiliwa mara mbili. Nikateremka kwenye orodha ya wito nikitafuta jina la draiva yetu, sikuliona popote. Aliyeshikwa ni mfanyakazi wa keneli yenyewe, yule anayepita nyuma kuokota vitu ambavyo RCU imeruhusu vitupwe. Huyo ni mchimba kaburi tu. Muuaji alishaondoka.

Draiva yenyewe inachuja pakiti. Ina jedwali la kanuni, na kila pakiti inayopita inalisoma. Jedwali hilo haliguswi likiwa kazini: anayetaka kuongeza au kufuta kanuni anatengeneza nakala nzima, anairekebisha pembeni, kisha anageuza pointa moja tu, yaani kibadilika kinachobeba anwani ya memori, ielekee kwenye nakala hiyo. Jedwali la zamani linawekwa kando mpaka wasomaji waliokuwa wamelishika waondoke wote, ndipo linaachiliwa. Hiyo ndiyo RCU, soma-nakili-sasisha, na Linux imekuwa nayo tangu toleo la majaribio 2.5.43 la mwaka 2002.

Wanaoigeuza pointa yetu ni wawili. Wa kwanza ni amri ya msimamizi, inayoingia kwa netlink, njia ya programu kuongea na keneli. Wa pili ni kazi ya saa, inayoamka kila baada ya muda kufagia kanuni zilizokwisha muda wake. Nilipoufungua msimbo wa kazi ya saa nilikuta hivi:

```c
zamani = rcu_dereference_protected(t->kanuni, 1);
/* ... kutengeneza mpya kutokana na zamani ... */
mutex_lock(&t->kufuli);
rcu_assign_pointer(t->kanuni, mpya);
mutex_unlock(&t->kufuli);
kfree_rcu(zamani, rcu);
```

Aliyeandika ni mimi. Git haina haya, imebandika jina langu kwenye kila mstari.

Tazama mstari wa kwanza ulipo: nje ya kufuli. Msimamizi na saa wanaweza kufika hapo kwa pamoja, wote wakasoma anwani ile ile, kisha wakapanga foleni mlangoni kwa adabu zote. Wa kwanza anaingia, anaweka jedwali lake, anatoka na kulituma la zamani likaachiliwe. Wa pili anaingia, analifunika jedwali la mwenzake bila habari, anatoka, naye anatuma lile lile la zamani ambalo mwenzake alishalituma. Kwa hiyo jedwali moja limezikwa mara mbili, na jingine limebaki hai bila mtu yeyote mwenye anwani yake.

Kufuli lilikuwepo. Lilifungwa na kufunguliwa ipasavyo. Lilikuwa linalinda mstari mmoja badala ya miwili, basi.

Ile `1` mwishoni mwa mstari wa kwanza ndiyo iliyoniuma zaidi. Mahali pale panatakiwa sharti, yaani ushahidi kwamba umeshika kufuli linalohusika. Kuandika 1 ni kumwambia askari wa getini "mimi wa humu humu", naye akakupisha.

Nimehesabu sehemu zote zinazogeuza pointa za namna hii ndani ya draiva: ni 11. Kuirekebisha hii moja ni kazi ya dakika tano, na ningekuwa nimeshamaliza. Lakini nikiziacha zile sehemu nyingine 10 kama zilivyo, baada ya miezi mitatu nitakuwa ninasoma ripoti hii hii tena.

Siku ya 2

Leo sijaandika msimbo. Nataka sehemu zote 11 zitumie makro moja, yaani kipande cha msimbo chenye jina kinachobandikwa kila kinapoitwa. Nimekaa na karatasi nikijiuliza inatakiwa ifanye nini hasa.

Kugeuza pointa ni hatua tatu: kuisoma anwani ya zamani ukiwa umeshika kufuli, kuitangaza mpya kwa mpangilio sahihi, kisha kumkabidhi mwitaji ile ya zamani aamue cha kuifanyia. Hatua ya tatu inaonekana ndogo. (Naongeza baadaye: ndiyo iliyokula siku yangu yote iliyofuata.)

Hatua ya pili ndiyo watu wanayoijua. Kabla ya kugeuza pointa tumelijaza jedwali jipya: idadi ya kanuni, anwani, bendera. Kompaila ina ruhusa ya kuyapanga upya maandiko hayo inavyoona inafaa, na prosesa nayo ina ruhusa yake. Pointa ikionekana kwenye kore nyingine kabla ya yaliyomo kuonekana, msomaji anaifuata na kukuta takataka. `rcu_assign_pointer` inazuia hilo kwa kuandika kupitia `smp_store_release`: vyote vilivyoandikwa kabla yake vinaonekana kabla yake. Kwenye prosesa za arm64 hiyo inakuwa amri moja ya `stlr`. Kwenye x86 inabaki `mov` ya kawaida, kwa kuwa prosesa hizo haziachi maandiko mawili ya kawaida yapishane njiani. Anayezuiwa pale ni kompaila peke yake. Ndiyo sababu mtu anaweza kukosea kwa miaka kwenye kompyuta ya x86 na asione hata onyo, halafu draiva ikihamia kwenye ubao mdogo wa arm64 ianze kuweweseka.

Msomaji kwa upande wake anatumia `rcu_dereference`, ambayo inategemea jambo la kawaida kabisa: huwezi kusoma kilichomo kwenye anwani kabla hujaipata anwani yenyewe. Prosesa zote zinazotumika leo zinaliheshimu hilo. Alpha, prosesa ya zamani, peke yake ndiyo iliyoweza kukuletea anwani mpya pamoja na yaliyomo ya kale, na nyaraka za keneli zimeibeba lawama hiyo mpaka leo.

Hatua ya kwanza inafanywa na `rcu_dereference_protected`. Hii husoma kikavu, bila hata `READ_ONCE` inayoizuia kompaila kucheza na usomaji, kwa hoja kwamba ukiwa umeshika kufuli hakuna mwingine wa kuibadili pointa chini ya mikono yako. Kwa hiyo wepesi wake wote umejengwa juu ya kufuli. Mimi niliuchukua wepesi nikaliacha kufuli.

Siku ya 3

Rasimu ya kwanza niliita `badilishana`. Ilifanya kama `swap` inavyofanya popote: unaipa vitu viwili, vinabadilishana nafasi. Nikaiweka kwenye sehemu tatu, nikamtumia mwenzangu anayekagua viraka vyangu. Hiki ndicho alichokisoma:

```c
badilishana(t->kanuni, mpya, lockdep_is_held(&t->kufuli));
mutex_unlock(&t->kufuli);
kfree_rcu(mpya, rcu);
```

Akaandika: "Ndugu, mbona unaitupa mpya?"

Nikamweleza kwamba baada ya makro kupita, `mpya` siyo mpya tena, imeshabeba ya zamani. Nikaongeza na mchoro. Jibu lilikuja baada ya nusu saa, neno moja: "Hapana."

Nilikasirika kidogo, nakiri. Msimbo ulikuwa sahihi. Lakini nilipourudia jioni nikiwa nimetulia niliona anachokiona yeye: mtu atakayekuja mwakani kusafisha msimbo huu atakutana na `kfree_rcu(mpya)`, ataamini amegundua kosa, naye "atalirekebisha". Na makro haisemi popote kwamba inamchezea mwitaji kigezo chake. Kwa macho inafanana na wito wa kawaida wa funksheni, na funksheni ya C haiwezi kukubadilishia kigezo bila wewe kuipa anwani yake.

Kumbe keneli kuu ilishapita njia hii hii na kurudi. Palikuwa na makro iitwayo `rcu_swap_protected`, yenye tabia ile ile ya rasimu yangu. Mwaka 2019, baada ya Linus Torvalds, mwanzilishi wa Linux, kuihoji, Paul McKenney, mtunzaji wa RCU, alileta `rcu_replace_pointer`, ambayo haigusi kigezo cha mwitaji: inarudisha anwani ya zamani kama thamani yake. Ikaingia kwenye toleo la 5.5, waitaji wakahamishwa mmoja mmoja, na ile ya kwanza ikaondolewa. Tofauti kati ya hizo mbili ni mstari mmoja wa mwisho. Ukiitumia ya pili msimbo unasomeka hivi:

```c
zamani = rcu_replace_pointer(t->kanuni, mpya,
                             lockdep_is_held(&t->kufuli));
mutex_unlock(&t->kufuli);
kfree_rcu(zamani, rcu);
```

Kila jina linabeba kile linachosema. Nimeifuta `badilishana`. Draiva yetu inajengwa pia kwenye keneli za kale ambazo hazina makro hiyo, kwa hiyo kazi yangu sasa ni kuandika ya kwetu yenye jina lile lile na tabia ile ile, ikae kwenye faili la upatanifu.

Siku ya 4

```c
#ifndef rcu_replace_pointer
#define rcu_replace_pointer(rcu_ptr, ptr, c)                       \
({                                                                 \
	typeof(ptr) __tmp = rcu_dereference_protected((rcu_ptr), (c)); \
	rcu_assign_pointer((rcu_ptr), (ptr)); \
	__tmp; \
})
#endif
```

Hiyo ndiyo iliyobaki mwisho wa siku. Saa nne asubuhi ilikuwa tofauti kwa neno moja tu, na neno hilo limenipotezea siku nzima.

Sikupenda `__tmp`. Ni jina lisilosema kitu, na mimi nimezoea majina yanayojieleza. Kwa hiyo kibadilika cha ndani nilikiita `zamani`. Msimbo ukakompailiwa bila onyo, majaribio ya kawaida yakapita, nikaenda kunywa maji nikijiona fundi.

Draiva ina njia ya kurudisha mipangilio: kanuni mpya zikikataliwa na kifaa, tunalirudisha jedwali la awali tulilokuwa bado tumelishikilia. Mwitaji huyo, kwa mantiki yake nzuri kabisa, jedwali analolirudisha ameliita `zamani`. Anaandika:

```c
mbovu = rcu_replace_pointer(t->kanuni, zamani,
                            lockdep_is_held(&t->kufuli));
kfree_rcu(mbovu, rcu);
```

Sasa ifungue makro kwa mkono. Mstari wa kwanza unatangaza `zamani` ya ndani na kuijaza pointa iliyopo sasa hivi, yaani lile jedwali bovu. Mstari wa pili unataka kuandika `ptr`, na `ptr` imeandikwa `zamani`, na `zamani` iliyo karibu zaidi ni ya ndani. Jedwali bovu linaandikwa juu yake lenyewe. Hakuna kilichobadilika. Kisha makro inarudisha jedwali bovu, mwitaji analituma likaachiliwe, na pointa inaendelea kulielekea. Kila pakiti inayokuja baada ya hapo inasoma kaburi.

Kompaila haikusema kitu kwa sababu kila kitu ni halali. `typeof(zamani)` upande wa kushoto bado inaiona ya nje, kwa kuwa ya ndani inaanza kutambulika baada ya jina lake kutajwa, kwa hiyo hata aina zimelingana. Onyo la jina kufunikwa lipo, `-Wshadow`, lakini keneli huliwasha tu ukijenga kwa `W=2`, na `W=2` inamwaga maonyo mengi kiasi kwamba hakuna anayeyasoma.

Ndiyo maana majina ya ndani ya makro za keneli ni mabaya. Ni mabaya kwa makusudi. Ndani ya `rcu_assign_pointer` kuna kibadilika kinachoitwa `_r_a_p__v`, na nakumbuka nilipokiona mara ya kwanza nilimcheka aliyekiandika. Mahali pengine wameachana kabisa na kubuni majina, wanatumia `__UNIQUE_ID` ambayo inamwachia kompaila atunge jina lisilorudiwa. Nimerudisha `__tmp` na heshima zake.

Jambo jingine nililoliacha kwa kujua: `rcu_ptr` inatajwa mara mbili, hivyo ukiipa usemi wenye madhara ya pembeni, mfano wito wa funksheni inayotafuta jedwali, utafanyika mara mbili. Ningeweza kuchukua anwani mara moja na kuitumia. Lakini makro ya keneli kuu inataja mara mbili, na sitaki draiva yenye tabia moja kwenye keneli ya kale na nyingine kwenye keneli mpya. Nimeandika maoni juu yake, yatosha.

Na kuhusu `#ifndef`: mwanzoni nililinganisha namba ya toleo la keneli. Hilo halifai. Wasambazaji wa Linux huchukua makro za matoleo mapya na kuzirudisha kwenye keneli zao zenye namba za kale, kwa hiyo namba inasema moja na faili linasema jingine. Kwa kuwa hii ni makro, unaweza kuuliza moja kwa moja kama ipo.

Siku ya 5

Kigezo cha tatu, sharti. Leo nimepita sehemu zote 11 nikiuliza swali moja: ni kufuli gani?

Nane zilijibika haraka. Unaweka `lockdep_is_held(&t->kufuli)`, unajenga keneli yenye `CONFIG_PROVE_RCU`, unaendesha, kimya. Bila usanidi huo sharti halikaguliwi kabisa, kwa hiyo kwa mtumiaji wa kawaida gharama yake ni sifuri. Sioni kisingizio cha kuliruka.

Mbili zilipiga kelele siku hiyo hiyo. Lockdep, mkaguzi wa makufuli ndani ya keneli, ilitoa lile onyo lake la matumizi ya RCU yanayotia shaka, na nilidhani nimekosea kuandika jina. Sikukosea. Sehemu hizo mbili zilikuwa zimeshika `rtnl`, kufuli la mipangilio ya mtandao mzima, na siyo kufuli la jedwali letu. Aliyeziandika aliona kuna kufuli, akaridhika. Watu wawili wenye funguo za milango tofauti wanaingia chumba kimoja, kila mmoja akiamini yuko peke yake. Makosa haya mawili hakuna aliyekuwa anayatafuta, na kwangu yamelipa mradi mzima hata ukiishia hapa.

Iliyobaki ni ya kufunga draiva. Pale hesabu ya warejeleaji imefika sifuri, hakuna mwingine anayeweza kuliona jedwali, na kufuli lenyewe linakaribia kuharibiwa. Nimeweka `1`. Mwenzangu akauliza mara moja: "Hii 1 inasema nini?" Nimeongeza mistari miwili ya maoni juu yake kueleza kwa nini hakuna mshindani. Tumekubaliana: `1` isiyo na maelezo haiingii.

Siku ya 7

Jana sikuandika kitu kwa sababu sikuwa na uhakika kama mradi una maana.

Mwenzangu aliniuliza, na swali lake lilikuwa la haki: "Kwa nini usitumie `xchg` tu, tuachane na kufuli?" Hoja yake ni nzuri. `xchg` inabadilisha na kurudisha ya zamani kwa tendo moja lisilogawanyika, na mpangilio wa memori unalindwa pande zote mbili. Waandishi wawili wakija pamoja, kila mmoja anapata ya zamani tofauti. Hakuna kuachilia mara mbili, hakuna kuvuja. Tangu 2021 keneli ina hata `unrcu_pointer` ya kuvua alama ya `__rcu` kwenye kinachorudi, ili sparse, chombo kinachokagua msimbo wa keneli bila kuuendesha, isilalamike. Basi makro yangu ya nini?

Nikachukua mfano kwenye karatasi. Jedwali lina kanuni 40. Msimamizi ananakili 40, anaongeza moja, ana 41. Saa, wakati huo huo, inanakili zile zile 40, inaondoa tatu zilizoisha muda, ina 37. Msimamizi anafanya `xchg`: jedwali lina 41, ameondoka na la 40. Saa inafanya `xchg`: jedwali lina 37, imeondoka na la 41. Kila jedwali la zamani limeachiliwa mara moja tu. KASAN iko kimya. Kmemleak, inayotafuta memori iliyovuja, iko kimya. Na kanuni ya msimamizi haipo. Zilitakiwa ziwe 38.

Pointa ilikuwa salama muda wote. Kilichopotea ni kazi ya mtu.

Nikajikuta nimekaa wima. Kuna lalamiko moja la muda mrefu, la mtumiaji aliyesema ameongeza kanuni, amri ikamjibu vizuri, na baada ya sekunde kadhaa kanuni haionekani. Tulijaribu, hatukuweza kulirudia, tukalifunga. Nadhani mimi ndiye niliyemwuliza kama ana hakika alibonyeza kitufe sahihi.

Kwa hiyo kufuli halilindi pointa. Linalinda muda wote kuanzia unaposoma ya zamani ili kuinakili, mpaka unapoitangaza mpya. Na hapo makro yangu nayo haiokoi mtu: ukinakili nje ya kufuli, kisha ukaingia na kuita `rcu_replace_pointer` yenye sharti safi kabisa, lockdep itakupongeza na kanuni bado itapotea. Nimerudi kwenye sehemu 11. Nne zinanakili nje.

Kwa nini zilinakili nje? Historia tu. Zamani kufuli hili lilikuwa spinlock, ambalo anayelisubiri huzunguka papo hapo, na ukiwa umeshika spinlock huruhusiwi kulala, kwa hiyo kuomba memori kwa `GFP_KERNEL` kulilazimu kufanyike kabla. Baadaye likawa mutex, ambayo inaruhusu kulala, lakini hakuna aliyeusogeza msimbo. Nimeyasogeza maombi yote ya memori na unakili wote ndani. Waandishi watasubiriana kidogo zaidi. Wasomaji hawajui hata kama kufuli lipo. `rcu_read_lock` haimsubirishi mtu, na kwenye keneli isiyokatiza kazi zake katikati haizalishi hata amri moja ya prosesa.

Makro inabaki. Sababu yake imebadilika: sasa naitaka kwa sababu inakulazimisha utaje kufuli kwa jina pale pale unapogeuza, na mkaguzi akiliona jina anajua atafute wapi kama unakili uko ndani yake. Ni ishara kwa msomaji wa msimbo kuliko ulinzi kwa mashine.

Siku ya 8

Sparse, kwa `make C=1`. Pointa mbili hazikuwa na alama ya `__rcu` kwenye muundo wake, na moja kati ya hizo ilikuwa inaandikwa kwa alama ya usawa tupu, bila `rcu_assign_pointer`. Dakika ishirini, imeisha.

Siku ya 10

Majaribio. Waandishi wawili, wasomaji sita, ubao wa arm64, KASAN na PROVE_RCU zimewashwa. Kati ya kusoma na kutangaza nimechomeka ucheleweshaji mdogo wa makusudi ili mwanya upanuke. Msimbo wa kale haukumaliza dakika nne. Mpya umelala usiku kucha ukizunguka.

Kwa kanuni zilizopotea KASAN haina msaada, hivyo nimeandika kipimo kinachohesabu: kila mwandishi anaweka rekodi ya alichoongeza na alichoondoa, na mwishoni hesabu ilingane na jedwali. Kwa msimbo wa kale hesabu iligoma kwenye mzunguko wa kwanza kabisa. Tungekuwa na kipimo hiki tangu mwanzo, yule mtumiaji asingeulizwa habari za kitufe.

Kipimo changu chenyewe kilishikwa na kosa pia. Nilikuwa nimeweka `msleep` ndani ya `rcu_read_lock`, eti msomaji aonekane mzito. Msomaji wa RCU haruhusiwi kulala. Nimeandika makala mbili za ndani kuhusu sheria hiyo.

Nimepitisha pia mfano mdogo kwenye herd7, chombo kinachojaribu mipangilio yote inayowezekana ya memori, kwa kielelezo cha memori kilichomo kwenye keneli tangu 4.17: uzi mmoja unajaza data kisha unatangaza pointa, mwingine unasoma pointa kisha data. Kwa `rcu_assign_pointer`, hali ya kuiona pointa mpya na data ya kale haitokei kamwe. Nikibadilisha kuwa `WRITE_ONCE`, uandishi usiolinda mpangilio, inatokea. Nilijua jibu. Nilitaka tu kuliona limeandikwa na kitu kisichokuwa na mapenzi na msimbo wangu.

Siku ya 12

Viraka. Nilijaribu kutumia Coccinelle, chombo cha kubadili msimbo wa C kwa kufuata kiolezo, ibadilishe waitaji wote kwa mkupuo. Ikalinganisha sita, tano zikakataa kwa sababu kila moja ina umbo lake. Hizo nimezifanya kwa mkono, na sijutii, maana mbili kati yake ndizo za `rtnl`. Kiraka kimoja kinaleta makro peke yake, kisha kila mwitaji ana kiraka chake, na zile sehemu nne za kunakili nje zina viraka tofauti vinavyotangulia, kwa kuwa zinarekebisha kosa tofauti na ningependa ziweze kurudishwa kwenye matawi ya kale hata kama makro itakataliwa.

Jambo moja limejitokeza wakati wa kupanga. Kwenye kufunga draiva tunaita makro na `NULL`. Kutangaza `NULL` hakuna shida, `rcu_assign_pointer` inaitambua na kuandika bila mpangilio wa ziada kwa kuwa hakuna yaliyomo ya kuyatanguliza. Shida ni `typeof(ptr)`: aina ya `NULL` ni `void *`, kwa hiyo makro inarudisha `void *`, na `void *` inaingia kwenye pointa ya aina yoyote bila kompaila kunyanyua kichwa. Nilijaribu kuipokea kwenye pointa ya muundo mwingine kabisa. Ikapita. Ningeweza kuchukua aina kutoka kwa `rcu_ptr` badala yake, lakini tena ingekuwa tabia tofauti na ya keneli kuu. Kwa sasa nimeacha, na pale pa kufunga nimetangaza kibadilika chenye aina yake mstari mmoja juu ya wito, macho yaone.

Viraka 16 vimetumwa. Kumi na viwili vimeshapita. Kiraka cha 7, kile chenye `1` na maoni yake ya mistari miwili, mwenzangu ameandika pembeni: "Tuongee kesho. Nadhani yuko mmoja bado anaweza kuliona." Nimefungua faili la kazi ya saa, natafuta ni wapi inapositishwa kabla ya hesabu kufika sifuri, na mpaka sasa sijapaona.